Kukagua, Kupima na Kujaribu: Istilahi za Transfoma katika Redio za Vali

Wako wafasiri wanaodhani kwamba kazi ya istilahi humalizika pale jina la kitu linapopatikana. Mfasiri akishajua kwamba chombo fulani huitwa transfoma, na kingine vali, na kingine kapasita, hujiona amekwisha vuka mto. Kwa maoni yetu majina ya vitu ndiyo sehemu iliyo nyepesi. Jina likikosewa, aghalabu fundi hulitambua kosa mara moja kwa kuwa kitu chenyewe kiko mbele yake. Kitenzi kikikosewa, fundi hutenda jambo lisilotakiwa, na kosa hujulikana baada ya madhara kutokea.

Katika makala haya tungependa kueleza kitenzi kimoja tu, yaani kile ambacho Waingereza hukiandika "test", na jinsi kinavyopasa kufasiriwa katika maelezo ya ufundi. Mfano wetu tumeuchukua katika kazi ya kufufua redio na vikuza sauti vya zamani vinavyotumia vali, na hasa katika kuhakiki transfoma zake.

Chanzo cha makala

Tulifika Kibiti kukusanya maneno ya mafundi wa umeme na redio. Mji huu uko katika barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, kiasi cha kilomita 130 kusini mwa Dar es Salaam. Mafundi wake hupokea kazi kutoka bara na kutoka delta ya Rufiji, kwa watu wa Salale, Mbwera, Nyamisati na kwingineko, ambako mto hugawanyika katika mikono mingi kabla ya kuingia baharini. Siku hizi kazi zao kubwa ni simu, taa na vibao vya umeme wa jua. Hata hivyo, mara mojamoja huletwa redio ya mbao iliyokuwa ya baba au ya babu, ambayo wenyewe wangependa kuisikia tena ikinguruma. Redio za namna hiyo zilitumika sana kabla ya zile za transista kuenea katika miaka ya 1960.

Fundi mmoja, mtu wa makamo, alitutolea transfoma iliyoungua. Ilikuwa ya redio iliyoletwa kutoka delta, iliyokaa kabatini kwa miaka mingi. Mwanafunzi wake alikuwa akifuata karatasi ya maelekezo iliyofasiriwa kwa Kiswahili, na sentensi moja katika karatasi hiyo ilisema: "Jaribu transfoma kabla ya kurudisha vali." Kijana alifanya kama alivyoelekezwa. Aliondoa vali zote, akachomeka waya wa redio ukutani, akasubiri. Haukupita muda mrefu, moshi ukatoka. Kwa bahati njema hakudhurika, kwani hakuzigusa nyaya zenye volti 300 zilizokuwa zimeachwa wazi. Transfoma ndiyo iliyokufa, na ya kufanana nayo haikupatikana dukani.

Fundi yule hakutulaumu kwa ukali. Alisema tu: "Ndugu zangu, karatasi imesema jaribu, na mtoto kajaribu. Kosa lake liko wapi?"

Hatukuwa na jibu. Karatasi ile ilikuwa imepita mezani petu kabla ya kuchapwa, nasi tuliisoma neno hilo tusilione kosa. Tulihangaika na majina ya sehemu za transfoma, tukakiacha kitenzi kipite.

Transfoma na kazi yake

Kabla ya kuingia katika vitenzi, yafaa tueleze kitu chenyewe. Transfoma huundwa kwa koili mbili au zaidi za waya wa shaba uliopakwa vanishi, zilizozungushwa juu ya kiini cha chuma. Kiini hicho hakiwi pande moja la chuma, bali huwa cha mabati membamba yaliyopangwa pamoja. Koili inayopokea umeme huitwa koili ya msingi, na inayotoa umeme huitwa koili ya upili. Koili hizi hazigusani. Umeme wa msingi huzalisha uga sumaku katika kiini, na uga huo unapobadilika huzalisha umeme katika upili. Jambo hili lilionyeshwa na Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831, kwa koili mbili zilizozungushwa juu ya pete ya chuma. Mwaka 1885 wahandisi watatu wa Budapest, ndio Zipernowsky, Bláthy na Déri, walitengeneza transfoma za kiini kilichofungwa zilizofaa kwa kazi ya kila siku.

Neno la kuzingatia hapa ni "unapobadilika". Transfoma haifanyi kazi kwa mkondo mnyoofu, bali kwa mkondo geu. Walimu wa pwani wanao mfano mzuri wa kuwaelezea wanafunzi tofauti hiyo. Huko juu, mto Rufiji huteremka upande mmoja siku zote. Huo ni mfano wa mkondo mnyoofu. Katika vijito vya delta karibu na bahari, maji hujaa yakaingia, kisha hupwa yakatoka. Hapo mkondo huenda na kurudi. Tofauti ni kwamba maji ya delta huenda na kurudi mara mbili hivi kwa siku, ambapo umeme wa majumbani mwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde.

Katika redio ya vali huweza kuwamo transfoma za namna mbili. Ya kwanza ni transfoma ya umeme mkuu. Hupokea volti 230 za ukutani na kutoa umeme wa namna mbalimbali: kwa mfano volti 6.3 za kuwashia nyuzi za vali, na volti 250 hadi 350 hivi kwa ajili ya anodi zake. Ya pili ni transfoma ya kutolea sauti, ambayo hukaa baina ya vali ya mwisho na spika. Vali hutaka mzigo wa maelfu ya omu, na spika ni ya omu chache tu. Transfoma ndiyo inayowapatanisha.

Si kila redio ya vali ina zote mbili. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na umeme zilitumia betri kavu, mojawapo ikiwa ya volti 90 hivi, na hazikuwa na transfoma ya umeme mkuu. Kadhalika ziko zilizounganishwa na umeme wa ukutani moja kwa moja bila transfoma yoyote katikati. Katika hizo, fremu ya chuma ya redio yenyewe huweza kuwa na umeme unaoua. Mfasiri anayekutana na maelezo ya redio ya namna hiyo asithubutu kufupisha onyo lolote lililomo.

Kukagua

Sasa tuje kwenye vitenzi. Tulipowauliza mafundi wa Kibiti wanaihakiki vipi transfoma ya zamani, tuliona kwamba wao hawana kitenzi kimoja. Wanavyo vitatu, na huvitumia kwa utaratibu.

Cha kwanza ni kukagua. Kukagua ni kuchunguza kwa macho, pua na vidole, bila ya umeme wowote. Waya huchomolewa ukutani. Kwanza fundi huhakikisha kwamba kapasita zimemwaga chaji zao, maana kapasita za redio ya vali huweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa. Ndipo hutazama kama nta imeyeyuka na kuchuruzika, kama karatasi ya kuhami imekuwa nyeusi, kama mabati ya kiini yamepata kutu, na kama mpira wa nyaya umekauka na kupasuka. Hunusa pia. Vanishi iliyoungua ina harufu isiyosahaulika.

Katika vyombo vilivyokaa delta, fundi hutazama zaidi kutu na ukungu. Hewa ya mikokoni ina chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu huingia katika karatasi iliyo baina ya koili. Transfoma iliyotunzwa kabatini yaweza kuonekana nzima, kumbe ndani imelowa.

Kupima

Kitenzi cha pili ni kupima. Kupima ni kutumia chombo na kupata idadi. Umeme unaotumika ni wa chombo chenyewe au mdogo wa kupimia. Transfoma haijaanza kazi yake.

Mafundi hutumia mita kupima ukinzani wa kila koili. Katika transfoma ya umeme mkuu ya redio ya kawaida, koili ya msingi huonyesha aghalabu makumi ya omu, koili ya volti kubwa huonyesha mamia ya omu, na koili ya nyuzi za vali huwa chini ya omu 1. Mita isipoonyesha kitu, waya umekatika. Ikumbukwe kuwa koili ya volti kubwa mara nyingi hugawanywa nusu mbili, nazo huweza kupishana kidogo, kwa mfano omu 180 na omu 195. Hiyo si dalili ya ugonjwa. Nusu iliyo nje huzunguka mahali panene zaidi, kwa hiyo waya wake ni mrefu zaidi ijapokuwa hesabu ya mizunguko ni ileile.

Baada ya ukinzani hupimwa uhami, yaani uwezo wa karatasi na vanishi kuzuia umeme usivuke kutoka koili hadi koili, au kutoka koili hadi kiini. Mita ya kawaida haifai kwa kazi hii, maana umeme wake ni mdogo mno. Hutumika kipima uhami, ambacho mafundi hukiita mega, nacho hutoa volti 500. Matokeo husomwa kwa megaomu, na megaomu 1 ni omu milioni 1. Transfoma njema huonyesha makumi ya megaomu au zaidi. Iliyolowa huonyesha kidogo sana. Hapa mpaka baina ya kupima na kujaribu ni mwembamba, kwani volti 500 si za kuchezewa. Lakini maadamu umeme ni wa chombo na jibu ni idadi, twaona kitenzi kinachostahili ni kupima.

Transfoma iliyolowa haitupwi. Fundi wetu huiweka ndani ya sanduku pamoja na balbu ya wati 60 kwa siku kadhaa, joto likiwa la wastani ili nta isiyeyuke, kisha huipima tena. Idadi ya megaomu ikiwa inapanda kila siku, kuna matumaini. Na hapa ndipo lilipo kosa la karatasi yetu. Ile transfoma iliyoungua ilikuwa imelowa. Lau kama kijana angeelekezwa kuipima kwanza, huenda angeuona unyevu, akaikausha.

Transfoma ya kutolea sauti hupimwa pia kwa uwiano wa mizunguko. Hupelekewa volti chache za mkondo geu katika koili ya msingi, kisha husomwa volti za upili. Tuseme msingi umepewa volti 6 na upili ukaonyesha volti 0.2. Uwiano ni 30 kwa 1. Kipeo cha pili cha 30 ni 900, na spika ikiwa ya omu 5, vali itauona mzigo wa omu 4,500. Hesabu hiyo humwambia fundi kama transfoma inafaa kwa vali aliyonayo.

Wafasiri waangalie sana maneno msingi na upili katika maelekezo haya. Mfasiri akiyabadilishana, volti 6 zitapelekwa katika upili, na upande wa pili zitatoka volti 180. Mtu aliyeshika waya akidhani una umeme mdogo atapata msiba kwa ajili ya kosa la kalamu.

Kujaribu

Kitenzi cha tatu ni kujaribu. Kujaribu ni kukiachia chombo kifanye kazi yake yenyewe kwa umeme wake halisi, ili kuona kama kitastahimili. Hii ni hatua ya mwisho, na hufanywa tu baada ya kukagua na kupima.

Hata hapo mafundi hawachomeki transfoma ukutani moja kwa moja. Huweka balbu ya uzi ya wati 40 au 60 katikati, umeme upite kwanza kwenye balbu ndipo uingie katika koili ya msingi. Vali zote huondolewa na ncha za koili za upili hufungwa zisigusane. Transfoma ikiwa njema, balbu humulika mara moja kisha hufifia au huzimika. Ikiwa ndani mna mizunguko iliyogusana, balbu huwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, na transfoma husalimika kwa kuwa balbu imeuzuia umeme. Ugonjwa huu ni vigumu kugunduliwa kwa mita, kwa sababu mzunguko mmoja au miwili ikigusana, tofauti ya ukinzani haionekani. Balbu za kisasa zisizo na uzi hazifai kwa kazi hii.

Balbu ikififia, fundi husoma volti za kila koili ya upili bila kuzigusa ncha. Kisha huiondoa balbu, huiacha transfoma ikifanya kazi kwa saa moja, na baada ya kuchomoa waya huigusa. Ikiwa vuguvugu, imefaulu. Ikiwa ya moto hata mkono hauvumilii, haijafaulu. Tuliambiwa pia kwamba jaribio lisifanywe kwa umeme wa inveta za bei nafuu zinazotumiwa na vibao vya jua. Mkondo wa nyingi ya hizo haupandi na kushuka kwa ulaini bali kwa ngazi, na transfoma njema huweza kunguruma na kupata moto kana kwamba ni mbovu.

Maneno mengine yenye utata

Mafundi husema transfoma "ina shoti", na pia husema mtu "amepigwa shoti". La kwanza ni umeme kupita njia ya mkato; la pili ni umeme kupita mwilini mwa mtu. Katika mazungumzo hakuna anayepotea. Katika maandishi ya onyo, twapendekeza iandikwe "kupigwa na umeme" kwa habari ya mtu, na "shoti" ibaki kwa habari ya saketi peke yake.

Maelezo mengi husema balbu iunganishwe "kwa mfululizo". Istilahi hii ni sahihi, na wanafunzi wa fizikia wanaijua. Lakini kwa msomaji wa kawaida, mfululizo ni jambo lisilokatika, hivyo huweza kudhani ameambiwa aiwashe balbu muda wote. Yafaa kuongeza sentensi moja ya maelezo, kama tulivyofanya hapo juu.

"Testa" kwa mafundi ni bisibisi yenye kitaa kidogo, inayoonyesha tu kama waya una umeme. Mfasiri asiitumie kwa maana ya mita.

Mwisho ni "kusuka". Kuzungusha upya waya wa transfoma au wa mota, mafundi wa nchi nzima huita kusuka. Wako wenzetu waliotaka neno hili likataliwe, kwa hoja kwamba kusuka ni kupitisha uzi juu na chini, kama afanyavyo msuka mkeka, ambapo waya wa koili huzongwa tu. Hoja ina ukweli. Lakini tulipoitaja mbele ya mafundi wa Kibiti, katika wilaya ambayo kila nyumba inajua ukili na mkeka, hakuna aliyeona tatizo. Neno linaeleweka, lina fundi wake na bei yake. Twapendekeza likubaliwe.

Mapendekezo

Kwa hiyo twapendekeza maana hizi katika maandishi ya ufundi wa umeme:

Kukagua: kuchunguza kwa hisi za mwili, bila ya umeme. Nomino yake ni ukaguzi.

Kupima: kupata idadi kwa chombo, kitu kinachopimwa kikiwa hakijaunganishwa na umeme wake wa kazi. Nomino yake ni upimaji, na kinachopatikana ni kipimo.

Kujaribu: kukiendesha kitu kwa umeme wake wa kazi, kwa tahadhari iliyotajwa. Nomino yake ni jaribio.

Kuhakiki: neno la jumla, linalokusanya hatua zote tatu. Litumike katika vichwa vya habari na katika sentensi ambazo matini ya asili haikubainisha hatua.

Mfasiri akikutana na kitenzi cha Kiingereza tulichokitaja, asikimbilie kuandika "jaribu". Ajiulize: je, umeme umeingia au haujaingia? Asipoweza kujibu kwa kusoma matini, amwulize fundi. Kwa upande wetu, sentensi ya karatasi ile tumeirekebisha, nayo sasa inasomeka hivi: "Kagua transfoma, ipime ukinzani na uhami, ikifaulu, ijaribu kwa kupitishia umeme katika balbu, kabla ya kurudisha vali." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini imekubaliwa na fundi ambaye ile ya kwanza ilimtia hasara.

Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi, wafasiri na watumishi wa idara zote wanaotumia maneno haya watuandikie maoni yao, hasa kama katika sehemu zao mafundi wanayo maneno mengine ya hatua hizi. Mapendekezo yaliyotajwa hapa bado hayajasanifiwa, na yataweza kurekebishwa kwa faida ya wote.